Redio kwa Watu Wakaao Mbali na Mji

(Maneno haya yalisemwa na mwalimu mmoja mstaafu mbele ya baraza la machifu, walimu na wazee wa vijiji. Wengi waliokuwako waliomba yachapwe, nasi tunayachapa kama alivyoyasema.)



Nimeitwa niseme juu ya redio, chombo ambacho wazee wetu walipokisikia mara ya kwanza walikiita simu ya upepo. Lakini sitasema juu ya redio ya mjini, ambako mtu hufungua chombo chake na kusikia vituo kumi kabla chai haijapoa. Nitasema juu ya redio ya watu waliotawanyika: wafugaji wanaofuata majani, wavuvi wa visiwani, na wakulima wa mabondeni ambao kutoka nyumba hata nyumba ni mwendo wa saa nzima. Hao ndio wanaoihitaji redio kuliko wengine wote, na hao ndio huipata mwisho.

Kwanza nitawaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe. Sitataja kijiji wala ofisi, kwa kuwa sikuja kumshitaki mtu.

Katika ujana wangu nalipelekwa kufundisha katika bonde moja lililo nyuma ya milima. Mwaka wangu wa pili ilitangazwa kwamba waganga wa chanjo ya surua watafika zahanati ya tarafa siku ya Jumatano. Habari ilitufikia kwa barua, nami naliisoma mbele ya watu. Kisha gari la waganga likaharibika njiani, siku ikageuzwa, ikawa Jumatatu ya pili yake, na habari ya kugeuzwa ikasomwa redioni. Sisi hatukuisikia. Jumatano alfajiri akina mama wa bonde lile walipanda mlima na watoto migongoni, mwendo wa saa nne, wakaukuta mlango umefungwa. Walirudi usiku, wamechoka, na watoto wanalia kwa njaa. Jumatatu ilipofika, nalizunguka nyumba hata nyumba kuwasihi waende tena. Wengi walinijibu, "Mwalimu, tumekwisha kudanganywa mara moja." Hawakwenda. Kabla ya mvua za vuli surua iliingia bondeni, na kaburi la mtoto wa jirani yangu nalilichimba kwa mikono yangu.

Baadaye naliuliza ili nipate kujua kosa lilikuwa la nani. Nikaambiwa ya kwamba tangazo lilisomwa redioni mara tatu. Basi msomaji wa habari alifanya kazi yake, waganga walifanya kazi yao, na mama walifanya kazi yao, na mtoto alikufa. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Tangazo lisilosikiwa ni fimbo ya mbali. Hata liwe zuri namna gani, nyoka hupita.

Tangu siku ile nimekuwa nikiitafuta sababu, nami nimeona kwamba sauti ya redio hupita katika mnyororo wenye pete sita. Pete ya kwanza ni wimbi, ya pili ni chombo, ya tatu ni nguvu ya kukiendesha chombo, ya nne ni lugha na saa, ya tano ni jibu la msikilizaji, na ya sita ni imani. Pete moja ikikatika, mnyororo mzima umekatika. Wengi wanaposema "tuboreshe redio" hufikiri mnara tu. Mnara ni mwanzo wa pete ya kwanza.

Natuanze na wimbi. Mawimbi ya redio yana tabia zake kama watu walivyo na tabia zao. Wimbi la FM, ambalo vituo vingi hulitumia siku hizi, ni kama mwanga wa taa iliyowekwa juu ya kilima. Sauti yake ni safi sana, lakini huenda moja kwa moja, na penye mlima hukoma. Aliye upande wa pili yu gizani. Ndiyo sababu bonde letu halikusikia: mnara ulikuwa karibu, lakini mlima ulikuwa karibu zaidi. Wimbi la kati hutambaa juu ya nchi kama maji, hufika mbali kuliko FM, na usiku hufika mbali zaidi. Wimbi fupi lina tabia nyingine kabisa. Hupanda juu mbinguni, maili 60 na zaidi, likakutana na tabaka la hewa ambalo jua limelitia umeme, kisha likarudishwa chini kama mpira uliopigwa dari. Likipigwa kwa mshazari huanguka nchi za mbali. Likipigwa wima, kwa masafa yanayofaa saa ile, hushuka kama mvua juu ya nchi yote iliyozunguka mtambo, mamia ya maili kila upande, milimani na mabondeni bila kuchagua. Mchana hutakiwa masafa ya juu kidogo, na usiku ya chini, kwa kuwa tabaka lile hubadilika jua likichwa. Sauti yake si safi kama ya FM; hukwaruza na hupanda na kushuka. Lakini mwenye kiu hauliziulizi rangi ya kikombe.

Sasa chombo. Hapa nataka kuwapa habari ya jirani zetu, maana ni habari yenye mafunzo mengi. Katika mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Idara ya Habari ya Northern Rhodesia, nchi iitwayo Zambia tangu 1964, ilifungua kituo kidogo cha redio mjini Lusaka. Mtambo wake ulikuwa wa wati 300 tu. Vijana wengi walikuwa wamekwenda vitani, na jamaa zao walitaka habari. Mkuu wa idara ile, Bwana Harry Franklin, alikata shauri kwamba kituo kiseme na Waafrika katika lugha zao. Lakini alikuta jambo lililompa taabu: kusema kuliwezekana, kusikia hakukuwezekana. Vyombo vya kusikilizia vilikuwa ghali, vilitaka umeme au betri kubwa, na mwanakijiji hakuwa na njia ya kuvipata. Vichache viliwekwa penye maboma na mabaraza ya machifu, watu wakakusanyika kusikiliza. Hilo lilisaidia, lakini ni wangapi waliokaa karibu na boma?

Bwana yule alitafuta kwa muda wa miaka 3 hivi kiwanda cha Uingereza kitakachokubali kutengeneza redio ndogo, imara, ya betri, ya wimbi fupi, na ya bei ndogo. Mwishowe kampuni ya Ever Ready, iliyokuwa ikitengeneza betri, ilikubali. Chombo cha kwanza cha kujaribia kilifungwa ndani ya sufuria ya kupikia, upana wake inchi 9, na kwa ajili hiyo redio zile zikaitwa redio za sufuria hata zilipotoka kiwandani zimepakwa rangi ya buluu. Zilianza kuuzwa mwaka 1949. Bei ilikuwa pauni 5, nayo betri yake shilingi 25, ikidumu saa 300 hivi za kusikiliza. Katika miezi 3 ya kwanza ziliuzwa 1,500, na katika miaka michache iliyofuata ziliingizwa zaidi ya 50,000. Wale waliodhani mwanakijiji hataki redio walijibiwa. Alikuwa akiitaka siku zote. Hapakuwa na mtu aliyemtengenezea ya kadiri yake.

Ndugu zangu, angalieni vema mafunzo ya sufuria ile. Kituo hakikumaliza kazi yake kilipojenga mtambo. Kiliuliza: huyu ninayesema naye ana nini mkononi? Na wale waliotengeneza chombo walianza na mfuko wa msikilizaji, na mvua yake, na mchwa wake, na mikono ya watoto wake, kisha ndipo walipokata bati.

Pete ya tatu ni nguvu. Redio za zamani zilikuwa na taa ndogo za kioo ndani yake, zilizokula betri kama mbuzi alavyo majani mabichi. Mwezi Desemba 1947 wataalamu watatu wa Marekani, Bardeen, Brattain na Shockley, walipata kitu kidogo kiitwacho transista, kikachukua mahali pa zile taa. Kuanzia mwaka 1954 redio ndogo za transista zikauzwa, na katika miaka iliyofuata zikaenea Afrika nzima. Zilitaka betri ndogo, lakini betri ni betri, huisha. Nani kati yetu hakuona betri zimeanikwa juu ya paa kama dagaa, ili jua lizirudishie uhai wa jioni moja? Naliona nyumba ambamo redio ilikaa miezi sita juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kilichofumwa, kwa kukosa bei ya betri. Redio ile ilikuwa pambo, si chombo.

Katika mwaka 1991 Mwingereza aitwaye Trevor Baylis alisikia jinsi habari za ukimwi zisivyofika vijijini Afrika, akawaza kutengeneza redio ya kutia ufunguo kama saa, isiyotaka betri. Miaka michache baadaye zikaanza kutengenezwa Cape Town. Na siku hizi kipande cha kioo cha kunasa jua, kisichozidi kitabu cha shule kwa ukubwa, chatosha kuendesha redio mchana na kuijaza kwa usiku. Kwa hiyo pete hii, iliyokuwa dhaifu miaka mingi, sasa yaweza kuungwa kwa gharama ndogo. Linalotakiwa ni mtu wa kuishughulikia.

Pete ya nne ni lugha na saa. Tangazo letu la chanjo lilisomwa saa 4 asubuhi, wakati mama wote wako shambani au kisimani. Tena lilisomwa kwa Kiswahili cha vitabu, na bibi zetu wa bonde lile walijua lugha ya mama tu. Lusaka waliliona hili mapema. Walisema kwa Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi na lugha nyingine, na watumishi wao walikwenda vijijini na mashine za kunasa sauti, wakarudi na nyimbo na hadithi za wenyeji, ili mtu akifungua redio asikie watu wake. Katika Kenya, mwaka 1982, kituo kidogo kilifunguliwa Homa Bay kwa msaada wa UNESCO, kikasema kwa Kijaluo kwa watu wa pwani ya Ziwa; kilikuwa cha namna ya kwanza katika Afrika, ingawa kilifungwa mwaka 1984. Baadaye wengine waliishika njia ile. Huko Ukambani, upande wa Kibwezi, vikundi 33 vya wanawake viliungana, na mwaka 2004 kituo chao kiitwacho Mang'elete kikaanza kusema. Kituo kilicho cha watu wenyewe hakihitaji kuuliza saa ya kukama ng'ombe ni ipi. Msomaji wa habari amekama kwanza, ndipo akaja kazini.

Sasa nafika kwenye pete ya tano, nayo husahauliwa sana: jibu. Redio ni mdomo mkubwa usio na masikio. Mdomo usio na masikio, hata ukiwa na hekima, mwisho husema upuuzi. Kwa hiyo hapana budi kuutafutia masikio.

Njia bora niliyoiona kwa macho yangu ni ile ya vikundi vya kusikiliza. Wakulima wa Canada waliianza mwaka 1941, wakakusanyika nyumbani kwa jirani wakati wa baridi, wakasoma karatasi waliyoletewa, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatuma majibu yao kwenye kituo. Kazi ile iliendelea mpaka 1965. Lakini hatuna haja ya kwenda Canada. Katika Tanzania, mwaka 1973, kulikuwa na kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Waongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza. Kisha kwa muda wa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vidogo, chini ya miembe, madarasani na vibarazani, redio moja katikati. Walisikiliza, mtu mmoja akasoma kitabu, wakaulizana, wakakubaliana kazi ya wiki ile: hapa tuchimbe choo, pale tufukie dimbwi la mbu, pale tufyeke majani. Wiki ya pili walianza kwa kuulizana, je, tulifanya? Angalieni hesabu hii. Redio moja iliyosikilizwa na watu kumi na watano wanaojadiliana ina kazi kubwa kuliko redio kumi na tano, kila moja ikipiga kelele katika nyumba yake, na mwenyewe amelala. Redio husema, kikundi ndicho kinachotenda.

Pete ya sita ni imani, na hapa sina budi kurudi Lusaka, maana habari ile haikuwa tamu mpaka mwisho. Kituo kilikuwa cha Serikali ya kikoloni. Watu walikipenda, wakakiandikia barua kwa wingi, wakawajua wasomaji wake kama jamaa. Lakini ilipokaribia mwaka 1953, wakati wa kuundwa kwa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, ambalo Waafrika wengi hawakulitaka, wasikilizaji walianza kukishuku. Hata Waafrika waliofanya kazi kituoni waliitwa wasaliti, na uvumi mbaya ukaenezwa juu yao. Wimbi lilikuwako, chombo kilikuwako, betri ilikuwako, lugha ilikuwa yao. Lakini imani ilipopungua, sauti ile ile iliyokuwa ya ndugu ikawa ya mgeni mlangoni. Akina mama wa bondeni kwetu walinionyesha jambo hilo hilo kwa namna yao. Jumatatu ile hawakukosa habari. Habari naliwapelekea mimi. Walikosa imani. Na imani hainunuliwi dukani pamoja na betri, hutokana na kusemwa kweli mara nyingi, na kuambiwa pale palipo na kosa, "Tumekosa, tusameheni."

Najua mmoja wenu ataniuliza, "Mwalimu, mbona watueleza habari za redio wakati kila kijana ana simu mkononi?" Ni swali la haki. Simu ni jambo jema sana, na ndiyo iliyoipa redio masikio, maana leo msikilizaji aweza kupiga kituoni papo hapo. Lakini simu hutaka mnara wake, na moto wake, na fedha zake, na ikipatwa na ajali hunyamaza mara moja. Tarehe 15 Januari 2022 mlima wa moto ulipasuka baharini karibu na visiwa vya Tonga, katika Bahari ya Pasifiki. Waya mkuu ulio chini ya bahari ukakatika, na visiwa vile vilikaa wiki 5 hivi bila waya ule. Mwenye akili haweki nafaka yote katika ghala moja.

Tena kuna habari ya Australia, nami naomba machifu waisikilize sana. Upande wa kaskazini wa nchi ile watu ni wachache mno na nchi ni kubwa mno. Tangu mwaka 1986 shirika la redio la umma, ABC, lilikuwa na mitambo mitatu ya wimbi fupi, Alice Springs, Tennant Creek na Katherine, iliyofanya kazi kama nilivyoeleza, kupiga sauti juu ili ishuke kama mvua. Wachunga ng'ombe, wavuvi, madereva wa magari makubwa, na wenyeji wa asili wa nchi walisikia habari na maonyo ya tufani. Tarehe 31 Januari 2017 mitambo ile ilizimwa. Shirika lilisema litaokoa dola milioni 1.9 za Australia kwa mwaka, na kwamba watu wapate redio kwa FM au kwa setilaiti. Watu wa mbali walilalamika, na neno lao lilikuwa rahisi: sahani ya setilaiti imefungwa nyumbani, nami siku zangu zote niko porini au baharini. Wakubwa hawakuwa waovu. Waliitazama hesabu ya fedha, wakaona wasikilizaji wachache, gharama nyingi. Lakini mtu akaaye peke yake hahesabiki kama akaaye mjini. Thamani ya taa ya pwani haipimwi kwa hesabu ya mashua zipitazo kila usiku; hupimwa kwa ile moja ambayo ingevunjika mwambani.

Basi, mtaniuliza, sisi tufanye nini? Sisi hatuna mitambo. Nami nasema yako mambo matano yaliyo katika uwezo wa baraza hili, bila kungoja mtu.

La kwanza, tujue sauti hufika wapi. Mwalimu mmoja na wanafunzi wake watembee na redio ndogo, kitongoji kwa kitongoji, asubuhi na jioni, waandike: hapa yasikika vema, hapa kidogo, hapa hapana. Karatasi hiyo ikipelekwa kituoni na kwa wakubwa ina nguvu kuliko malalamiko mia.

La pili, kila kitongoji kiwe na redio moja ya watu wote, yenye kioo cha jua, na mtu mmoja aliyechaguliwa kuitunza. Asichanganye betri mpya na kuukuu. Akiiweka muda mrefu bila kuitumia, atoe betri, zisije zikavuja na kuila ndani. Ikiwa ni ya wimbi fupi, afunge waya mrefu juu ya mti, nayo itasikia vizuri zaidi. Lakini wingu la radi likija, auondoe waya ule upesi.

La tatu, tuwaambie wenye vituo saa zetu na lugha zetu. Wao hawawezi kuota.

La nne, tuwe na vikundi vya kusikiliza, wanawake na wanaume, na mwisho wa kila mkutano iandikwe kazi moja na swali moja. Kazi ibaki kijijini, swali liende kituoni.

La tano, ikisemwa kwamba njia ya zamani itafungwa, tuulize kwanza kama ile mpya imekwisha kufika kwa mtu wa mwisho. Daraja la zamani halibomolewi kabla la pili halijakanyagwa.

Namalizia na habari ya bonde letu. Baada ya kaburi lile, wazee waliniita wakaniuliza, "Hiyo sauti hukomea wapi?" Nikawaambia hukomea juu ya mgongo wa mlima, juu yasikika, chini haisikiki. Mzee mmoja, asiyejua kusoma, akasema, "Basi kama sauti haishuki, mtoto apande." Tangu siku ile kila jioni mwanafunzi mmoja wa darasa la saba alipanda mlima na redio yangu na daftari. Alisikiliza habari na matangazo, akaandika, akashuka kabla ya giza. Asubuhi, kabla ya kengele, daftari lilisomwa mbele ya shule kwa Kiswahili, na watoto wakalichukua nyumbani kwa lugha ya mama. Kijana akikosea, aliyesikia kosa alisema, na kosa liliandikwa upande wa pili wa karatasi, watu wakaona. Siku ya chanjo ya mwaka uliofuata iligeuzwa tena, kama ilivyokuwa desturi. Safari hii mama walijua. Walikaa nyumbani siku isiyofaa, wakapanda mlima siku iliyofaa, na waganga wakawakuta wamekaa kivulini wanawangoja.

Daftari lile ninalo mpaka leo. Wenye mitambo wataendelea kutengeneza mawimbi na mashine bora, na tuwaombe wasituache nyuma. Lakini mlipo nyinyi, machifu na walimu, nendeni mkatazame sauti hukomea wapi katika nchi yenu. Mkipaona, mpelekeni mtoto apande.

Nimekwisha.